Shajara ya riwaya: bajaji za jua na mafuriko ya Msimbazi

Oktoba, mwanzoni

Mradi wenyewe ni huu. Riwaya ya Dar es Salaam ya mwaka 2058, petroli imebaki kwa wachache wenye magari ya kizamani ya kukodishia maharusi, mji unatembea kwa bajaji za umeme zenye paneli za sola juu ya paa, na mhusika mkuu ni dada dereva anaitwa Zuhura, kijiwe chake kipo Kigogo, karibu kabisa na bonde la mto Msimbazi. Nina sura za mwanzo kwenye laptopu na daftari lililojaa michoro ya betri, mtu akiliokota atajua nasoma VETA.

Shajara naiweka kwa sababu moja tu, nasahau kwanini nilibadilisha kitu. Narudi kwenye sura baada ya muda nakuta daraja la Jangwani halipo na sikumbuki nani kalitoa (ni mimi, nani mwingine).

Sitaki riwaya ya mwisho wa dunia. Hizo zipo nyingi na mara nyingi watu wa kwetu ndani yake kazi yao ni kufa sura ya kwanza ili wengine wapate somo. Wala sitaki ile ya upande wa pili ambapo mashine zimemaliza matatizo yote na watu wamebaki kutembea kwenye bustani wakiwa wasafi muda wote, hamna anayebishana nauli, hamna anayedaiwa kodi. Nataka Dar hii hii, yenye joto zaidi na mvua za vurugu zaidi, na watu wake wana vifaa vizuri kidogo kuliko vya kwetu lakini bado wana bosi, bado wana marejesho, bado jirani anakuja kuomba chumvi.

Na sharti moja la kazi: kila mashine ndani ya kitabu lazima hesabu yake ikubali kwenye kikokotoo cha simu. Ikikataa, haiingii.

Oktoba, wiki iliyofuata. Hesabu ya paa

Nimeshinda kwa fundi mmoja Tandale anayerekebisha bajaji na pikipiki za umeme. Kaniangalia na daftari langu akauliza, "Dada, wewe unanunua au unaandika?" Nikamwambia naandika kaka. "Basi kaa hapo kwenye kreti, ila usiguse kitu kina waya mwekundu."

Tukapima paa la bajaji kwa futi kamba. Ukitoa mipindo na pembe unabaki na kama mita za mraba mbili, yaani paneli moja ya wati 400, ambayo yenyewe ina uzito wa kilo ishirini na kitu. Sasa hizo wati 400 ni za kwenye karatasi, zinapimwa paneli ikiwa na nyuzi 25 za joto. Paneli ikikaa juani Dar mchana inapanda hadi nyuzi 60 na zaidi, na kila nyuzi inayozidi inakula kama asilimia 0.35 ya nguvu, kwa hiyo joto peke yake limeshachukua asilimia 12 hivi kabla hujaongelea vumbi. Halafu kivuli. Fundi akaweka kitambaa cha kufutia mikono kwenye kona ya paneli akanionesha mita, namba ikaanguka kwa kiasi ambacho huwezi kukilinganisha na udogo wa kile kitambaa, kwa sababu seli zimeungwa mfululizo na moja ikilala inazibana na wenzake. Dereva akipaki chini ya mwembe kukwepa jua la saa saba, anapoteza riziki yake bila kujua. Hiyo nimeiandika pembeni kwa wino mwekundu, lazima iingie, maana kila dereva wa Dar anapaki chini ya mwembe.

Tukachukua masaa matano ya jua la maana kwa siku, tukakata hasara, tukabaki na yuniti moja na nusu. Yuniti hii hii ya LUKU, ndiyo maana naipenda hii hesabu, hamna msomaji atakayeniuliza yuniti ni nini. Bajaji yenye abiria watatu inakula kama wati-saa 70 (yuniti moja ni wati-saa 1,000) kwa kila kilomita. Gawanya mwenyewe. Paa linakupa kilomita ishirini na moja hivi kwa siku, na dereva anayetafuta hesabu ya bosi anaweza kupiga mia.

Kwa hiyo paa la bajaji linalisha sehemu moja kati ya tano ya kazi. Mwenye kubeba kitabu siyo paa la bajaji, ni paa la kijiwe. Kila bajaji inahitaji paneli tano hivi zilizotulia sehemu moja, juu ya nguzo, zinazosafishwa, hamna mwembe, hapo unapata yuniti saba na ushee kwa siku na mia yako inatimia. Nimefurahi kupita kiasi, kwa sababu paa la kijiwe ni mali ya watu wengi, na mali ya watu wengi ina mwenyekiti, ina mweka hazina, ina anayefuta vumbi na anayekwepa zamu ya kufuta vumbi. Hadithi imeshaanza hapo.

Bado Oktoba. Waliojaribu kweli

Nimetafuta magari ya jua ambayo yamewahi kuwa chuma, siyo mchoro. Waholanzi wa Lightyear walitoa gari lenye paneli kwenye boneti, paa na nyuma, bei kama euro 250,000, na Januari 2023 uzalishaji ukasimama na kampuni tanzu iliyokuwa inaliunda ikafilisika. Mwezi uliofuata Sono Motors ya Ujerumani nayo ikaufuta mradi wa Sion, gari ambalo maelfu ya watu walikuwa wameshalilipia akiba. Upande wa wanafunzi mambo ni matamu zaidi, chuo cha Eindhoven mwaka 2023 walipeleka Stella Terra yao Morocco wakapiga kama kilomita 1,000 hadi jangwani, na yale mashindano ya Australia kutoka Darwin hadi Adelaide, kilomita 3,000 hivi, yapo tangu 1987. Ila hivyo ni vigari vyepesi sana, ukimpakia mama na magunia mawili ya mkaa umemaliza.

Iliyonikaa moyoni ni ya jirani. Kampala, Februari 2016, Kiira Motors walizindua basi la Kayoola, abiria 35, paneli juu ya paa, mwendo kama kilomita 80. Lilikuwa na mafungu mawili ya betri, moja linachajiwa na jua na lingine la kuongezea safari ndefu na usiku. Hao watu walishaona kabla yangu kwamba paa peke yake halitoshi, wakajipanga. Nimempa Zuhura babu aliyekuwa kibarua Kampala mwaka huo, akaliona lile basi kwa macho yake likizinduliwa, na kila akisimulia linazidi kuongezeka viti. Hadi sura ya tano lina viti sitini.

Oktoba, mwishoni. Maji

Leo nimefuta picha niliyokuwa naipenda sana, Kariakoo iko chini ya bahari na watu wanapita na mitumbwi kati ya maghorofa. Inapendeza, ila kwa 2058 haipo. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la tabianchi la Umoja wa Mataifa, inasema kufikia 2050 usawa wa bahari kwa wastani wa dunia utakuwa umepanda kama sentimita 20 ukilinganisha na miaka ya 1995 hadi 2014. Sentimita ishirini haziizamishi Kariakoo. Zinafanya kitu cha ukatili zaidi na cha taratibu: zinaubana mto mdomoni.

Msimbazi unaingia baharini pale daraja la Selander. Mvua kubwa ikishuka kutoka Pugu na Kisarawe, mto unakuja umefura, na kama muda huo bahari imejaa, maji hayana pa kwenda, yanalala Jangwani. Wavuvi wa hapa wanajua bila kuambiwa na mtu: mwezi mpevu na mwezi mwandamo ndiyo bamvua, bahari inajaa kuliko siku nyingine, na bamvua ya pwani hii maji yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni. Kwa hiyo usiku wa mafuriko wa kitabu changu umejipanga wenyewe. Aprili, katikati ya masika, mwezi mpevu, mvua imeanza jana mchana, na wote wanajua kwamba kitu cha kuogopa kipo saa kumi alfajiri. Sikulazimika kubuni saa ya hatari, bahari inayo tayari.

Mafuriko ya Desemba 2011 nayaweka kama kumbukumbu ya familia. Watu zaidi ya 40 walikufa, na wengi wa bondeni wakapelekwa Mabwepande, mbali na kazi zao, mbali na soko, na wapo waliorudi bondeni. Bibi yake Zuhura, Bi Tatu, ni mmoja wa waliorudi. Anapoulizwa kwanini, anajibu, "Mabwepande hapana mafuriko, ndiyo. Na nauli ya kwenda mjini je?" Huyo bibi ananizidi nguvu, kila sura anataka kuongea.

Kimbunga nacho nimekiweka ila kwa adabu. Kuna waliosoma sura ya pili wakaniambia vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska, huku kwetu umekipata wapi. Unguja Aprili 1872 iliangushiwa mikarafuu yake karibu yote. Lindi ikapigwa Aprili 1952. Hidaya kikafika pwani yetu, Mafia na kusini, mwanzoni mwa Mei 2024. Ni vichache, ndiyo, ila havijakosekana, na mimi naandika miaka 34 baada ya Hidaya kwenye bahari yenye joto zaidi. Hata hivyo kimbunga kwenye kitabu hakifiki Dar. Kinapita mbali baharini, kinachokuja mjini ni mvua yake tu. Inatosha.

Novemba. Hapa riwaya imepata uti wa mgongo

Nimekaa na zile namba wiki nzima na kitu kimoja kikawa kinanisumbua hadi kwenye daladala. Siku ya mafuriko ndiyo siku unayohitaji bajaji kuliko siku zote za mwaka, mgonjwa atolewe, bibi ahamishwe, na siku hiyo hiyo jua hakuna. Wingu zito la masika linakuachia sehemu moja ya kumi, labda robo ukiwa na bahati. Paa la bajaji linakupa kilomita tatu nne. Kijiwe chenye paneli tano kwa bajaji kinakupa kama kumi na sita. Na nguzo za umeme zimelala kwa hiyo huchaji popote.

Kuna rafiki yangu aliniambia weka betri kubwa zaidi, ni 2058, watakuwa nazo. Ndiyo watakuwa nazo, na ndiyo itakuwa riwaya mbaya. Mtu mwenye umeme usioisha hana cha kuamua. Zuhura akiwa na yuniti mbili na watu watano wanaozitaka, kila anachofanya kinamfunua yeye ni nani. Tangu hapo kila nikikwama kwenye sura nauliza tu: betri ina ngapi, na nani anaitaka? Sura inaanza kutembea.

Mwanzo nilipanga mgogoro uwe friji la chanjo la kituo cha afya. Umeme umekatika, chanjo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, Zuhura anatoa betri yake, watu wanashangilia. Nikampelekea muuguzi mmoja mtu mzima, jirani yetu, kastaafu. Nikamwamkia shikamoo mama, marahaba mwanangu, akavaa miwani, akasoma kurasa zote taratibu huku chai inapoa. Akasema, "Mwanangu, friji za siku hizi zina kuta za barafu, ukiifunga vizuri inakaa siku kadhaa bila umeme. Friji halina haraka. Mwenye haraka ni mtoto anayevuta pumzi kwa mbavu."

Akanieleza konsentreta ya oksijeni, ile mashine inayovuta hewa ya kawaida chumbani na kuichuja ibaki oksijeni. Haihitaji mitungi, na mitungi siku barabara imekatika haiji. Inahitaji umeme tu, ila inauhitaji bila kupumzika. Ile ya lita 5 kwa dakika inakula wati 350 hivi, na kwa watoto wenye nimonia unaweza kuigawa mashine moja kwa zaidi ya mmoja kwa sababu mtoto anatumia lita moja mbili. Halafu akaongeza kitu ambacho kimeubadilisha usiku mzima wa kitabu: ukiizima na kuiwasha tena, inachukua dakika kadhaa mpaka oksijeni irudi kwenye kiwango.

Nikapiga hesabu pale pale kwenye meza yake. Betri ya bajaji ya kitabu ni volti 51.2, ampea-saa 100, yaani yuniti tano na kidogo. Toa asilimia kumi inayopotea kwenye inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, gawa kwa wati 350: masaa 13. Ni usiku mzima! Ila hamna dereva anayerudi kijiweni jioni ya mvua na betri iliyojaa. Zuhura anarudi na asilimia 40. Masaa matano. Mvua imeanza mchana, umeme umekatwa saa moja usiku, kwa hiyo betri yake inakufa saa sita, na bahari inajaa saa kumi. Mama akaniuliza mbona nacheka.

Desemba. Kufuli

Nilikuwa na hofu kwamba kitabu kimekuwa kizuri sana kwa tabia, kila mtu anatoa betri yake kwa moyo mkunjufu. Watu hawako hivyo, na zaidi ya watu, mikataba haiko hivyo.

Wote tunajua bajaji ya mkataba, unalipa kwa siku au kwa wiki mpaka inakuwa yako, ukichelewa bosi anakuja kuichukua. Na tunajua sola za kulipia kidogo kidogo kwa simu, usipolipa inajizima yenyewe ukutani, taa gizani, na mtu hajafika kwako. Nimeviunganisha hivyo viwili. Mwaka 2058 betri ni ya kampuni, bajaji ni yako, na betri ina kufuli la programu: inaruhusu umeme uende kwenye mota ya bajaji hiyo tu. Ukichomeka kitu kingine inajifunga. Kuifungua kwa matumizi mengine unaomba ruhusa kwa simu, unalipia, inafunguka dakika hiyo hiyo. Huduma nzuri tu. Ila usiku ule mnara wa simu umekosa umeme.

Fundi wa Tandale nilivyomwelezea alikaa kimya akaenda kuleta betri iliyofunguliwa. Seli kumi na sita zimelala mbili mbili, za chuma na fosfeti, kila moja volti 3.2, na juu yake kibodi cha kijani cha BMS, mfumo wa kusimamia betri, chenye nyaya nyembamba zinazokwenda kwa kila seli. "Hiki ndiyo mlinzi," akasema. "Anapima kila seli. Moja ikishuka volti 2 na nusu anazima wote, maana ikienda chini zaidi umeiua. Sasa hao watu wako wa kampuni wamempa mlinzi ufunguo wa geti pia. Umeme umo ndani, mwenye nyumba anauona, ila hatoki mtu." Nikamuuliza je, ukimkwepa mlinzi? Akaonesha kwa bisibisi, bila kugusa: unachukua waya wako moja kwa moja kwenye nguzo ya hasi kabla haijafika kwenye kibodi. Inatoka. "Ila hapo hauna mlinzi. Wewe ndiyo mlinzi."

Nimerudi nyumbani nikaandika mpaka adhana ya alfajiri. Maana betri za aina hii zina tabia moja, volti yake inakaa pale pale kwa muda mrefu sana, ikiwa na asilimia 70 na ikiwa na 30 mita inakuonesha karibu kitu kimoja, halafu mwishoni inaporomoka ghafla. Huwezi kukadiria ukaenda kulala. Lazima mtu akae anapima, seli ya kwanza hadi ya kumi na sita, anarudi ya kwanza, usiku kucha. Na huwezi kuziunga betri mbili za madereva wawili pamoja kama moja imejaa na nyingine ni tupu, iliyojaa itamimina kwa nguvu na kuunguza. Unatumia moja, inaisha, unabadilisha, na kila ukibadilisha mashine inazima na zile dakika za mama muuguzi zinaanza kuhesabiwa.

Kipande cha sura ya tisa, kama kilivyo leo (Shomari ni dereva mwenzake Zuhura):

*"Tano?"*
*"Tatu nukta moja tano."*
*"Sita?"*
*"Tatu nukta moja nne. Bi Tatu, sogeza tochi."*
*Bi Tatu akasogeza tochi. Alikuwa hajui volti ni nini na hakuuliza, aliandika tu kila alichoambiwa nyuma ya kalenda ya msikiti, mistari kumi na sita, safu kwa safu, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kushika kalamu na mwalimu mkali. Shomari ndiye alikuwa wa kwanza kuona. Hakuona kwenye mita, aliona kwenye mwandiko wake.*
*"Bibi, ya tisa umeikosea?"*
*"Sijaikosea. Inashuka tangu saa nane. Nilidhani mnaona."*

Napenda kwamba bibi ndiye anaona. Alikuwa anataka kuongea tangu sura ya kwanza, sasa ana kazi.

Januari. Kijiweni

Nimesoma sura tatu kwa sauti kwa madereva, mchana, kazi ikiwa imelala. Nilitegemea waniulize betri, hamna aliyeuliza betri. Wa kwanza: "Dada, huyu Zuhura mbona hana hesabu ya bosi? Anaendesha siku nzima hajafikiria hela." Kweli tupu. Wa pili akasema abiria wangu ni wapole kupita kiasi, hamna mtu anayepanda bajaji Kigogo bila kusema "kwani hapo na pale ndiyo elfu?" Wa tatu, kijana mmoja mkimya, ndiye kanipa dhahabu. Akasema maji ya mvua siyo shida sana kama kontrola imewekwa juu na mota imezibwa vizuri, shida ni maji ya bamvua, ya chumvi. Yakishaingia kwenye plagi unaweza kuikausha leo na ikawaka, ukashukuru Mungu, baada ya mwezi unakuta kijani kwenye shaba na waya umekatika ndani.

Kwa hiyo sasa kuna sehemu ya tatu ya kitabu ambayo haikuwepo, mwezi mmoja baada ya mafuriko, bajaji zinaanza kuzima moja moja njiani bila sababu. Magazeti yameshahama, wageni wa kutoa pole wameondoka, na kijiwe kinakufa kwa kutu. Wakati wa maafa watu wanasaidiana hata bila kuombwa. Mwezi wa pili kila mtu ana ada ya shule. Nadhani ustahimilivu wa kweli upo huko, kwenye plagi za bei ya chini zinazouzwa kwa kila bajaji tofauti, haziingiliani, na kijiwe kinachobishana kama kinunue za aina moja kwa pamoja. Kikao hicho nimekipa sura nzima. Kina ajenda, kina mchelewaji, kina mtu anayesema "mimi sina mengi" na anaongea nusu saa.

Kuhusu wachapishaji niandike mstari mmoja tu: mmoja ameniambia hadithi ni nzuri ila niitoe hesabu yote, wasomaji wa Kiswahili hawapendi. Watu wanaogawa yuniti za LUKU kati ya wapangaji sita wa nyumba moja kila wiki, wakijua pasi ya nani ilikula ngapi, ndiyo hawapendi hesabu. Haya.

Februari

Wiki za kukata. Nimeondoa mpelelezi, nimeondoa pacha wa Zuhura, nimeondoa treni. Treni imeniuma, maana reli ya SGR ya umeme ipo kweli tangu 2024 na nilikuwa na ukurasa mzuri wa kituo cha Morogoro, ila Zuhura hana safari ya Morogoro. Mikoko imebaki. Kule mdomoni mwa mto nimeweka vijana wanaootesha mchu na mlilana, na wanapigana na wenye kontena za mchanga, kwa sababu mto umejaa mchanga na mchanga una wenyewe.

Dialogi nazisoma kwa sauti sasa. Nimegundua nikichoka wahusika wangu wote wanaongea kama taarifa ya habari.

Machi, mvua zimeanza

Sura ya kumi imesimama. Saa kumi alfajiri maji yanaingia uani mwa kituo cha afya yanaishia kwenye ngazi ya pili, betri ya nne ndiyo iko kazini, watoto wawili wanapumua. Hamna kishujaa chochote kinachofanyika kwenye saa ile, watu wanasoma namba tu. Nimekataa kumuua mtoto na nimekataa jua lichomoze vizuri, asubuhi inakuja na manyunyu na yuniti mbili chache.

Iliyobaki inanipasua kichwa ni sura ya kumi na moja. Betri ya Shomari imekufa seli ya tisa. Kampuni ikirudi hewani inaona kila kitu, betri nne zimechukuliwa umeme nje ya mkataba, moja imeharibika, na mkataba wake unasema wazi. Meneja nimemfanya mtu mwelewa, anaomba radhi kila sentensi, na bado ana fomu mkononi. Wanakwenda baraza la kata. Je, kijiwe kinachanga kulipa seli ya Shomari, wakati waliochanga betri ni wanne na waliobaki na betri zao nzima ni kumi na mbili? Bi Tatu ana kalenda yake ya msikiti yenye namba zote, kila dakika, na wote wanataka kuiona, kampuni kwa sababu zake na baraza kwa sababu zake. Drafti ya kwanza aliitoa kwa hiari. Ya pili aliificha. Leo nimeandika ya tatu, anawaambia walipie nakala, kwa yuniti.

Kazi za wiki hii: bei ya seli moja ipatane na mshahara wa 2058 niliouweka sura ya pili, kumuuliza mama muuguzi nani anasaini kitabu cha wodi usiku, na kumpelekea fundi sura ya tisa na ya kumi zikiwa zimechapishwa kwenye karatasi, maana ameniambia kwenye simu macho yanamuuma na kwamba nisimletee soda ya moto tena.